Kibonde Kisicho na Mbu

Alhamisi, 28 Julai

"Mtu wa Goma hatembelei visiwa. Mtu wa Goma anavuka maji kwenda kuzika, kisha anarudi kwake." Hayo ni maneno ya Darius, mtangazaji mwenzangu, jana jioni, kwenye radio ya mtaa, kwa sauti ile ya mwalimu wa jiografia aliyestaafu lakini chaki haijamtoka mkononi.

Uongo! Mimi ni mtu wa Goma, na sijawahi kuvuka maji kwenda kuzika. (Sijawahi kuvuka maji kabisa. Hilo ni jambo jingine.) Visiwa vya ziwa letu vimekaa pale mbele ya macho yetu, kijani, bure, na sisi tumevipa mgongo kama watu waliogombana na jirani. Nani alituambia kwamba matembezi ni ya wageni wa mtaa wa Himbi wenye miwani ya jua? Watu kama Darius!

Leo Mama Léocadie, mkurugenzi wa radio, ametuita sote wawili, mimi na Darius. Amesema nusu saa yangu ya Jumapili inapoteza wasikilizaji. Watu wanazima radio, anasema, nikianza tu kusalimu. Nimemjibu kwamba manabii pia walizimwa. Akasema manabii hawakuwa wakitumia jenereta yake.

Hukumu yake: niende visiwani kwa miguu yangu mwenyewe, nirekodi kwa simu, nimletee kitu ambacho mtu atasikiliza mpaka mwisho. Nikileta, nusu saa inabaki yangu. Nikileta kelele, inakwenda kwa Darius. Na Darius aende pamoja nami, awe shahidi, kwa sababu mwaka jana nilieleza kreta ya volkano ya Nyiragongo nikiwa nimekaa mjini, Birere. (Nilieleza vizuri!)

Nusu saa hiyo nimeipigania tangu nikiwa na nywele. Nikiipoteza, Jumapili nitagombana na nani? Sidonie, mke wangu, amesema swali hilo hilo linamnyima usingizi.

Nimependekeza Jumatatu, mosi Agosti. Ni sikukuu ya wazazi, hakuna kazi. Darius amekubali papo hapo. Bila hata kukohoa! Mtu huyu hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu siku ya juma. Anaficha kitu.

Ijumaa, 29 Julai

Nina mpango. Mkubwa.

Nilisoma zamani kuhusu gari la kulala. Ndani kuna kitanda, jiko, pazia. Unasimama popote unapopenda, unalala, asubuhi unafungua mlango na ziwa liko miguuni pako. Hoteli ya nini? Nimejiuliza: sisi tumekosa nini ili tuwe nalo? Tumekosa gari tu. Na kwaya ya parokia ina minibisi iliyokufa siku nyingi nyuma ya sakristia.

Nimezungumza na wanakwaya kwa hoja nzito. Wamenikopesha minibisi kwa sharti moja: nisiwataje tena radioni. Sharti dogo. Sauti zao za pili zitaendelea kuwa mbaya bila msaada wangu.

Fundi wa Birere ameifufua. Kuhusu breki amesema zinasikia, ila hazitii haraka. Nimeridhika. Hata mimi niko hivyo.

Nimeweka godoro la kitanda chetu, mbabula ya kupikia, gunia la makala ya moto, bidoni mbili za maji na mapazia ya sebuleni. Sidonie amerudi toka sokoni akakuta madirisha yako uchi. Ananiita Baba Héritière, kwa jina la binti yetu, akiwa amekasirika tu. Leo nimeitwa Baba Héritière mara nyingi. Mwishowe ametangaza kwamba godoro lake halitasafiri peke yake na wanaume wawili wasiojua kuosha kikombe. Anakuja.

Rangi imeniishia kabla ya kufuta maandishi ubavuni: KWAYA YA MALAIKA. Jirani amesimama, amesoma, ameuliza nani amekufa. Nimemwambia hakuna aliyekufa, hili ni gari la matembezi. Akasema pole hata hivyo.

Jumapili, 31 Julai

Safari! Ninaandika nimekaa kwenye usukani, ziwa liko mbele, moyo uko imara. Yaliyotokea katikati ni madogo.

Darius alifika na fulana safi, panga, jembe dogo, burashi na kopo la chokaa lililofungwa kwenye gazeti. Chokaa!  Nilimtazama Sidonie kwa maana kubwa. Yeye alitazama godoro.

Sasa ninajua anachoficha. Katika mji wetu, mtu akionekana na panga na chokaa kwenye uwanja usio na ukuta, kesho yake kuna ukuta. Darius anawaambia wasikilizaji wasiende visiwani ili yeye akajikatie viwanja huko. Miaka yote hii! Na Jumatatu, mbele ya simu yangu, nitamfumania.

Barabara ya Sake ilikuwa na watu wengi. Karibu wote walitupungia mkono. Nilifikiri ni heshima kwa gari la kulala. Penye kilima kimoja nilipunguza mwendo kwa ajili ya mtu aliyebeba viazi kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao, breki zikatii kwa kuchelewa kama kawaida yake, tukasimama mbele ya mama watatu wenye vitenge vya kilio. Wakapanda. Mmoja aliniuliza kwa nini kwaya imechelewa, maiti iko juani. Nilianza kuwaeleza tofauti kati ya msiba na utalii. Darius akaanza kuimba. Sidonie akamfuata, sauti ya pili. Mama wale walilia vizuri mpaka walipofika, wakatubariki, wakashuka.

Darius alisema, akitazama nje, kwamba hajaona bado mtu wa Goma anayetembea bure. Nikamwambia asubiri.

Kisha nikaona mahali. Ah, mahali! Karibu na maji, kibonde kidogo kati ya mawe ya lava, majani laini, kivuli, kimya. Hakuna mtu hata mmoja. Hakuna nzi. Hakuna mbu hata mmoja! Ukingo wote umejaa watu, mbuzi na nyavu, na hapa, patupu! Mlangoni mwa kibonde kulikuwa na kibao chenye kutu, fuvu la mtu na neno MAZUKU.

Sidonie alisoma kwa sauti. Darius pia. Wote wanajua, kama kila mtoto wa hapa, hadithi ya upepo mubaya unaotoka ardhini, usio na harufu, unaojaa mabondeni kama maji na kulaza watu usingizi wa kutoamka tena. Mimi pia ninaijua. Nimeisoma kwa Kifaransa! Lakini ninajua pia vibao. Nusu ya kuta za mji zimeandikwa "Kiwanja hiki hakiuzishwe," na mara nyingi aliyeandika ndiye anayekiuza. Fuvu lile nililitambua mara moja: fuvu la tajiri anayetaka kibonde chake kikae bila wageni. Niliteremsha gari.

Sasa yale madogo. Makala hayakuwaka. Niliwasha kiberiti, kikazimika kabla hakijafika kwenye mbabula. Kingine, hivyo hivyo. Viberiti vya siku hizi! Makala ya siku hizi, nusu udongo! Niliinama chini kupuliza, kichwa kikazunguka kidogo, kwa hasira. Kuku wetu wa chakula cha kesho, aliyekuwa kwenye kikapu chini ya mlango, aliinama kama anayesali, akalala ubavu. Sidonie alipiga yowe moja, akamnyakua kuku, akamshika Darius mkono, akaanza kupanda. Mimi niliingia garini ili niwafuate kwa heshima. Mota ilikohoa, ikafa. Nikaanza kumtukana fundi wa Birere.

Hapo sauti ilitoka juu: "Muzee! We muzee! Toka huko! Unataka kufa na gari ya kwaya?" Ni Bashige, mwenye mtumbwi wa mota niliyekuwa nimeagana naye atuvushe kesho. Nilimwita ashuke tujadiliane. Akajibu kwamba yeye hajadiliani na mutu aliye ndani ya kaburi. Alivuta pumzi, akashuka mbio, akafunga kamba ya mtumbwi kwenye gari, akapanda mbio. Wavuvi wake wakavuta, wakiimba ule wimbo wa kupiga makasia usiku. Nilitoka kibondeni nikiwa nimekaa, mikono kwenye usukani. Kama chifu.

Juu, mota iliwaka mara moja. Kiberiti kiliwaka. Kuku alifungua jicho moja, akanitazama vibaya. Bashige alisema mota hukosa pumzi kule chini kama mutu, na ndiyo maana imekufa. Nilimwonyesha kwamba tukio moja si uthibitisho. Alimtazama Sidonie, akamwambia: "Pole sana, mama."

Tutalala hapa juu, kandokando ya barabara. Mbu wameshafika. Wengi. Kule chini hapakuwa na hata mmoja. Ninaandika tu ukweli.

Jumatatu, 1 Agosti

Siku ya ushindi. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi tumeingia mtumbwini: Bashige nyuma kwenye mota, Darius mbele na chokaa yake, Sidonie katikati na kuku mapajani. Amekataa achinjwe. Anasema kiumbe aliyerudi kutoka kule haliwi. Nimetaja chakula cha mchana. Nimeitwa Baba Héritière.

Ziwa lilikuwa kama kioo. Nilisimama kulitazama, Bashige akaniomba nikae, nikamweleza kwamba mizani ya mwili ni suala la nia, mtumbwi ukainama, nikakaa. Kiatu changu kimoja kiko ziwani. Bado kinaonekana, alisema Darius. Kitafika kisiwani kabla yetu, akaongeza.

Kisiwa cha kwanza ni kama kanisa kwa ukubwa, mawe, majani, ndege weupe. Nilipanda juu, mguu mmoja peku, nikawasha simu. "Wasikilizaji! Nimesimama mahali ambapo mguu wa mtu wa Goma haujawahi kukanyaga..." Niliendelea hivyo kwa muda mzuri. Nilipomaliza, makofi. Nyuma yangu walikuwa wavuvi wanane na wake zao, wamekaa karibu na sambaza, samaki wadogo waliowaanika kwenye nyavu, wananisikiliza tangu mwanzo. Mmoja wao anatoka Birere. Anakaa nyuma ya fundi wangu. Nimemwambia yeye hahesabiki, yuko kazini.

Kisiwa cha pili ni kikubwa. Kilima, mikalatusi, ng'ombe wa watu wa Masisi, wanono, wanalala popote kwa sababu huku hakuna mwizi wala mchungaji. Hotuba ya pili! Nilichagua jiwe la juu. Nilifika kwenye sentensi yangu bora, ile kuhusu watu walioibiwa macho yao wenyewe, na sauti ya mama ikaingia ndani ya rekodi: "Papa, unamuhubiri nani? Ngombe zangu zilishabatizwa."

Ni Mama Mukamugema. Anakaa hapa, anatengeneza fromaji, ile jibini ya mviringo wanayouza mjini. Nilimwomba kwa adabu anyamaze kwa sababu ya radio. Akasema radio ipi? Nikamtajia. Akasema ah, ile ya mutu anayefoka siku ya Mungu, anaizima sana. Halafu akamwona Darius, akafungua mikono yote miwili: "Karibu kwenu, mwana! Mwaka huu umechelewa. Nilifikiri umekufa."

Karibu kwenu! Mwaka huu! Nilihisi nywele ambazo sina zikisimama. Kwa hiyo huja kila mwaka! Kwa hiyo viwanja vimeshakatwa!

Nilipogeuka, Darius hakuwepo. Panga halikuwepo. Chokaa haikuwepo. Nilimfuata nyuma ya kilima kwa kunyata, kiatu kimoja, simu mbele yangu, nikinong'ona: "Wasikilizaji, yuko hapo mbele. Mimi nilikuwa mkali, mlisema. Sasa tazameni. Huyu ndiye aliyewaambia msije visiwani. Ana panga. Ana chokaa. Anakwenda kuweka alama ya kiwanja chake. Ninamfikia... ninamfikia..."

Nilitokea kwenye miti.

Darius alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anakata majani juu ya kaburi. Msalaba wa saruji, mdogo, herufi zimeliwa na mvua.

Mosi Agosti. Sikukuu ya wazazi. Asubuhi ya siku hii, mtu aliyefiwa na wazazi anasafisha kaburi kwanza, ndipo anakula. Goma nzima inafanya hivyo. Na mimi ninajua. Nilikuwa na mambo mengine kichwani.

Hakugeuka. Alisema tu: "Anastase, shika kopo."

Nilishika. Si kwa kushindwa. Mtu anaweza kushika kopo bila kubadili msimamo.

Alipiga jembe, akang'oa mizizi, akamwambia mama yake habari za mwaka: mjukuu kapata diploma, goti la kushoto linauma, radio inaendelea. Alimtajia hata mimi. Alisema yule mugomvi amekuja, yuko hapa, ana kiatu kimoja. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, mimi ninasafisha wapi.

Nikamwambia sina mahali. Mama yangu alilala nyuma ya kapela ya zamani, na lava ya 2002 ikapita juu yake. Juu ya lava sasa kuna duka la mabati. Siku kama hii mimi huandika makala kali kuhusu mipango ya mji.

Darius aliichovya burashi kwenye kopo. Kisha alinipa burashi. "Basi paka upande huo. Umupakie mama yako."

Nilipaka. Nilipaka vizuri, mikono miwili, kuanzia juu. Chokaa ni kali sana. Iliniingia machoni. Yote mawili.

Tulikula viazi na fromaji kwa Mama Mukamugema. Darius alisema maneno yake ya radioni kuhusu kuzika, alikuwa anajisema mwenyewe. Hajui njia nyingine ya kuvuka maji haya. Nilimwacha aseme. Lakini niliandika kichwani: shahidi amekiri kwamba huvuka kila mwaka. Mtu wa Goma! Kisiwani! Hoja yake imekufa mdomoni mwake.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Niligundua mtumbwini, ilipoishiwa na moto wa betri.

Jumanne, 2 Agosti

Nimempelekea Mama Léocadie rekodi. Nimemweleza wapi akate: baada ya hotuba ya pili, kabla ya ng'ombe. Hotuba mbili zinatosha, ni nusu saa kamili. Yale ya nyuma ya kilima ni ya binafsi na sauti yangu ina mafua.

Alivaa spika za masikioni, akasikiliza. Alicheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. Halafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Akaniambia niende nyumbani.

Amekubali hotuba. Nina hakika.

Sidonie amerudisha mapazia. Kuku amepewa jina la Lazaro, ingawa ni jike.

Jumapili, 7 Agosti

Amekata! Amekata hotuba zote mbili!

Amebakiza Mama Mukamugema na ng'ombe zake zilizobatizwa, mimi nikinyata kwa kunong'ona kama mwizi wa mahindi, halafu panga, halafu jembe, halafu Darius na mama yake. Halafu mimi na duka la mabati. Halafu burashi kwenye saruji, dakika nzima, burashi tu, na mtu mmoja anayevuta mafua.  Nilisikia kwa madirisha: hakuna aliyezima.

Watu ishirini na mmoja wamepiga simu. Mama Léocadie amesema haijawahi kutokea. Wengine walilia. Wengi waliuliza jinsi ya kufika kule. Lakini hotuba zangu, anasema, ni kelele, na kilichosikilizwa ni kaburi: nusu saa imekwenda kwa Darius. Darius naye ameshikilia mbele ya mkurugenzi kwamba hataiongoza bila mimi: kila Jumapili nikae upande wa pili wa meza, nimpinge. Amesema bila mutu wa kumupinga atasinzia hewani. Nimekubali kumsaidia.

Jioni alipita nyumbani. Hakukaa. Alileta chokaa iliyobaki, akasema mwaka ujao twende mapema zaidi, kuna upande wa nyuma hatukuumaliza. Sidonie alimpa mayai ya Lazaro.

Nimefikiri sana baada ya hapo, na nimeona jambo moja waziwazi: nimeshinda. Nilisema watu wa Goma watataka kwenda visiwani, na ishirini na mmoja wanataka! Hoja yangu imethibitishwa na simu. Kilichobaki ni usafiri, na usafiri ninao. Sidonie anasema funguo za minibisi zimepotea. Zitaonekana. Anasema pia Bashige ametuma salamu, na kwamba salamu zenyewe ni ndefu. Nitazisikiliza siku nyingine.

Kwa hiyo, ninyi ishirini na mmoja mliopiga simu, ninawaandikia hapa, na kesho nitaomba dakika moja nilisome hili hewani: Jumamosi, saa mbili asubuhi, mbele ya parokia, kila mtu na mkeka wake. Msiogope maandishi ya kwaya. Mkiulizwa nani amekufa, jibuni kwa sauti: hakuna! Tutalala mahali ninapopajua, penye majani laini, kimya, bila mbu hata mmoja.

Na wewe tajiri uliyetia kile kibao cha fuvu: kitoe kabla hatujafika. Tunakuja watu ishirini na wawili, na kuku.